Desemba nilituma karibu milioni nyumbani, sasa naitika jina la mtu

Mama mdogo shikamoo. Naomba jina langu usiliweke wala chuo usikitaje, andika tu binti wa Tanga aliyeko Leicester, ingawa najua wapo watakaonijua maana Watanga tulioko huku hatujifichi. Nina miaka 21, niko mwaka wa kwanza nasomea uhasibu na fedha, nilikuja Septemba baada ya kumaliza diploma Dar. Mama anauza vitumbua na samaki wa kukaanga Ngamiani, baba alishafariki, na aliyenifikisha huku ni mjomba, aliuza kiwanja chake cha Pongwe ndo ikapatikana ada ya mwanzo na hela ya viza na ile hela ya hospitali ambayo tuliambiwa tuilipe yote ya miaka yote kwa mkupuo kabla hata sijapanda ndege. Nakueleza haya ujue natokea wapi, mi sio mtoto wa kishua.

Oktoba nikapata kazi kwenye ghala moja la nguo nje ya mji. Ile nyumbani wanasemaga kubeba boksi, mi kweli nabeba boksi yaani sio mfano. Pauni 12.21 kwa saa, mkataba wenyewe ni ule wa kuitwa tu, wiki hii wanakuita wiki ijayo hawana habari na wewe. Viza yangu inasema masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo na nilikua nafuata vizuri tu. Sasa Desemba chuo kikafunga, likizo unaruhusiwa full time, na ghala kipindi cha Krismasi lina mzigo mpaka unasahau siku gani leo, nikapiga masaa 45 kwa wiki mpaka mkesha wa mwaka mpya, nikapata hela ambayo sijawahi kuishika toka nizaliwe. Nikamtumia mama pauni 300. Ikaingia kwenye simu yake karibu milioni moja.

Mama alilia. Alafu akaenda kuwaambia kikoba.

Toka siku hiyo simu yangu haipumui mama mdogo. Mjomba anataka simu, hata kama imetumika sawa ilimradi iPhone, kaka anataka ya kutanguliza bodaboda, shangazi yangu mmoja ameniunga kwenye grupu la kamati ya harusi ya binamu na nilipofungua nikakuta jina langu limeshaandikwa ahadi laki tano, sijaulizwa wala sijasema neno. Na sasa Ramadhani hiyo inaingia, mama ameshaniambia kwa aibu aibu kwamba majirani wanajua mwaka huu futari itakua ya binti wa Ulaya. Kosa ni langu pia sikatai, stetasi zangu zote ni raha tu, kuna picha nimepiga pale kwenye mnara wa saa katikati ya mji nimevaa koti la mwenzangu, likes nyingi hizo, kumbe mimi mwenyewe nalala na soksi pea mbili maana mita yetu ni ya kuchaji kama luku na ikiisha usiku ndo basi mpaka duka lifunguliwe.

Januari shifti zikakata. Wiki nyingine masaa 12, wiki nyingine sifuri kabisa. Kodi ya chumba ni pauni 115 kwa wiki na hapo umeme na gesi ni juu yangu.

Sasa hapa ndo naomba usinitukane. Nyumba tunayokaa kuna dada mmoja, nchi yake siitaji, ana kazi mbili za kea, yaani kuhudumia wazee, anachoka, akaniambia mdogo wangu we usiku kaa badala yangu kule kwenye nyumba ya wazee, unavaa sare yangu na kadi yangu shingoni, picha yenyewe imefutika na usiku mabosi hawapo. Atanipa pauni 80 kwa usiku, saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi. Nimeshaenda mara 5. Tatu amenilipa, mbili ananizungusha, mara kodi mara hajalipwa, na juzi tena akaniambia nichangie kansel taksi, ile kodi ya halmashauri ya nyumba.

Kuna bibi kule, ana ule ugonjwa wa kusahau, usiku wa pili akaniita kwa jina la yule dada maana ndo limeandikwa kwenye kadi, nami nikaitika. Akanishika mkono akaniambia maneno mengi siyaelewi vizuri akanishukuru kwa lile jina. Sijui kwa nini hiyo ndo inaniuma kuliko yote. Na usiku wa nne mama akapiga, yeye akishaswali alfajiri ndo ananipigia, kwao saa kumi na moja na nusu, huku saa nane na nusu usiku, nikapokea kwa kunong'ona na bibi akaanza kuita kwa sauti, mama akauliza nani huyo analia, nikamwambia ni TV.

Darasa langu la Jumatatu ni saa tatu asubuhi na shifti ni za Jumapili usiku kwa hiyo ushajua. Nimekosa wiki nne. Imekuja imeili ya mahudhurio, naitwa Alhamisi wiki ijayo. Na matokeo ya kazi zangu za kwanza yametoka, nimepata 58 na 42, mimi niliyekua nashika namba darasani, 42! Sijamwambia mtu.

Rafiki yangu mwingine anasema kama naogopa kea nichukue akaunti ya mtu nipeleke chakula kwa baiskeli, atanitafutia. Mtu pekee ninayeongea nae Kiswahili cha ana kwa ana siku hizi ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka kule barabara ya Belgrave, nanunua kwake unga na muhogo, alizaliwa Kampala, Kiswahili chake kizuri ila muhogo anauita mogo. Nilimgusia kidogo mambo ya kutuma hela akaniambia pole pole binti, sisi tulikaa miaka hapa kabla ya kutuma hata kadi.

Nifanye nini mama mdogo? Nikiacha usiku kodi nalipa na nini? Na nyumbani nawaambiaje?

Binti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimekasirika mara ya pili nimecheka, ntakwambia baadae nilichocheka. Kwanza tumalize la usiku maana hilo halingoji.

Usiende tena. Nasema usiende hata mara moja, hata kama anakudai fadhila, hata kama anasema Jumapili hii ndo ya mwisho na atakulipa zote. Mpelekee sare yake na kadi yake mlangoni leo leo. Hizo pauni 160 za usiku mbili zihesabu zimezama, huna pa kwenda kuzidai, maana ukienda kudai unaenda kusema nini? Kwenye karatasi wewe hukuwepo. Tena piga hesabu mhasibu, usiku wa masaa 12 hata kwa kima cha chini ni pauni 146 na senti, yeye amelala kwake anachukua zaidi ya sitini na wewe ndo unageuza wazee. Huyo si dada aliyechoka, huyo amepata kibarua.

Hela ni moja lakini kilichonitia hasira ni yule bibi. Mimi nimefanya kea miaka 11, najua usiku wa nyumba za wazee unavyokua. Mtu wa kazi ile anatakiwa achekiwe rekodi za polisi, hiyo DBS, afundishwe kumnyanyua mtu, afundishwe ile mashine ya kunyanyulia, ajue nani anakabwa na maji ya kawaida mpaka yatiwe unga wa kuyafanya mazito. Wewe umefundishwa nini? Umepewa kadi. Sasa chukulia bibi ameanguka saa tisa usiku amevunja nyonga, ambulensi imekuja, wanauliza nani alikua zamu. Ungeitika jina gani? Wewe mwenyewe umeshalijua hili ndo maana linakuuma, huna haja ya mimi kukuongezea. Ila nilitaka ulisikie kutoka kwa mtu aliyesimama pale.

La viza. Umezidisha masaa, na umefanya kwa jina la mtu, hayo ni mambo mawili, na yote mawili ni mazito. Masaa 20 ni jumla ya kazi zako zote ndani ya wiki, Jumatatu mpaka Jumapili, sio kila kazi ina 20 zake, kuna watoto wengi wanalikosea hilo. Mtu akivunja masharti viza inaweza kufutwa, na hata isipofutwa inaweza kumsubiri mbele siku anaomba nyingine. Sikwambii itatokea na sikwambii haitatokea, kwa sababu nchi hii kumshauri mtu mambo yake ya uhamiaji wakati hujasajiliwa ni kosa la jinai, na mimi ni mama mdogo tu. Kwa hiyo na wale mawakili wa grupu la WhatsApp wanaokwambia "mbona mimi nilifanya na hakuna kitu" waache hapo hapo walipo.

Unakokwenda ni kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi. Vyuo vingi hiyo ofisi haiko chini ya utawala wa chuo, na ushauri ni bure. Ukiingia swali la kwanza kabla hujafungua mdomo liwe hili: mazungumzo haya ni siri, na kuna kitu nikisema mtalazimika kukipeleka kwingine? Uliza hivyo hivyo, hawakasiriki, wameshazoea. Maana chuo ndo mdhamini wa viza yako, kuna mambo wao wanawajibika kuripoti, sasa lazima ujue anayekusikiliza amekaa upande gani wa meza. Wakikwambia jambo lako limewazidi watakuelekeza kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Vile vile kuna UKCISA, baraza la wanafunzi wa kigeni, wana laini ya simu ya ushauri. Nenda kabla ya Alhamisi, usiende baada.

Na ile ya baiskeli naomba hata usiifikirie. Ile kazi ya kupeleka chakula inahesabika umejiajiri, na viza ya mwanafunzi kujiajiri hairuhusu hata dakika tano, hata kwa akaunti yako mwenyewe, achilia mbali ya mtu. Yaani huyo rafiki anakutoa kwenye moto anakutia kwenye kikaango. Na baridi ya Februari juu ya baiskeli! Nyie watoto.

Haya, Alhamisi. Watu wakipata imeili ya mahudhurio wanafanya makosa ya aina moja, wanajificha. Usijifiche. Chuo kinatakiwa kionyeshe mwanafunzi wake anasoma kweli, wakikuona hupo na hujibu ndo wanaanza kuandika barua za kwenda Home Office, wizara inayotoa viza, lakini mtu aliyekuja akakaa akasema nimekwama, huyo wanajua wamfanye nini. Waambie hela imekwisha, shifti zimekata, hulali. Hayo ni kweli yote. La usiku umeshalizungumza na mshauri wako ndo atakuelekeza uliseme vipi na lini, ila wakikuuliza moja kwa moja usitunge hadithi. TV imetosha.

Alafu omba hapo hapo mfuko wa shida wa chuo. Najua unachofikiria, kwenye viza yako imeandikwa huruhusiwi kugusa fedha za umma, basi wanafunzi wetu wanakufa njaa wakidhani hata mkate wa chuo ni fedha za umma. Hapana. Fedha za umma wanazosema ni zile posho za serikali za nyumba na za kuishi. Mfuko wa shida wa chuo haumo, na vyakula vya msaada vinavyotolewa chuoni au misikitini au makanisani navyo havimo. Mfuko huo wanaweza wasikupe kingi, watakwambia lete taarifa ya benki ya miezi mitatu, peleka. Aibu yako inakula zaidi ya mita ya gesi.

Na daktari umeshajiandikisha? Nina wasiwasi hujajiandikisha. Mjomba amelipa pauni 776 kwa kila mwaka wako hapa, wakati mwenyewe unakohoa unakunywa maji ya tangawizi. Leo leo jaza fomu ya kituo kilicho karibu na unapokaa, hailipiwi. Mtu wa umri wako asiyelala, anayelia kwa sababu bibi alimwambia asante, mwambie daktari, wala huhitaji kuwa kichaa. Hili giza la saa kumi jioni nalo lina kazi yake, sisi tuliozaliwa na jua hatujijui mpaka vitamini D imeshakauka. Vidonge vyake ni rahisi, wenyewe Waingereza wanaambiwa wameze miezi ya baridi sembuse wewe.

Sasa nilichocheka. Nimecheka 42. Mwanangu, nani alikwambia umefeli? Kufaulu digrii huku ni 40. Arobaini na mbili ni mlango umegusa mgongo lakini umepita. Na 58 ni alama ya watu kabisa, ukifika 60 unaitwa vizuri, ukifika 70 hiyo ndo daraja la kwanza, na 80 mwalimu wa huku anaitoa kama unamng'oa jino. Nyie mnatoka kwenye mitihani ambayo 70 ni kawaida mnafika hapa mnaona 58 mnataka kurudi kwenu. Tena vyuo vingi mwaka wa kwanza unatakiwa ufaulu tu, alama zake haziingii kwenye daraja la mwisho, waulize na wenu wanafanyaje. Hiyo ya 42 ifungue usome maoni ya mwalimu yale ya pembeni, watu wengi wanaangalia namba wanafunga. Najua bila kuona kuna mahali ameandika hujataja vyanzo vizuri au umeeleza hujachambua. Nenda saa za ofisi yake umuulize. Usije ukashawishika na wale wa "nitakuandikia insha kwa pauni themanini", hiyo biashara imepigwa marufuku kisheria Uingereza toka 2022 na anayekuuzia leo ndo anakutishia kesho.

Turudi kwenye hela, na hapa nakupa kazi ya nyumbani maana unasomea mambo haya. Wiki ya masaa 20 ni pauni 244.20. Toa kodi 115. Toa basi la kwenda na kurudi siku nne, pauni 3 kila safari, ni 24. Imebaki 105 na bado hujala, hujachaji mita, hujaweka vocha. Wiki ya masaa 12 ni 146.52, toa kodi, toa basi la siku tatu, imebaki 13.52. Kumi na tatu na senti! Na mtu ana laki tano za harusi ameandikiwa. Wiki ya sifuri hata sikuandikii. Andika hesabu hizi kwenye karatasi kwa mkono wako kisha uiangalie, maana nahisi hujawahi kuziandika, ulikua unazibeba kichwani kama deni la mtu mwingine.

Mawili matatu ya kuokota. Ile kansel taksi anayokudai, wewe mwanafunzi wa full time huhesabiwi kwenye kodi ile, kama yeye ndo pekee asiye mwanafunzi humo ndani basi bili ni yake na anapunguziwa robo, mwambie akuonyeshe karatasi ya halmashauri uone jina la nani limeandikwa. Salari slipu zako za Desemba zitafute, kama walikukata kodi ya mapato na kwa mwaka wote wa kodi unaoisha tarehe 5 Aprili hujafikisha pauni 12,570, ile kodi ni yako unaidai inarudi, makato ya National Insurance, ile bima ya taifa, ndo hayarudi. Na kazi za chuoni kwenyewe ulizia, za kutembeza wageni siku za maonyesho, za maktaba, za kupiga simu kwa wanafunzi waliomaliza, ni masaa machache ila ni mchana na bosi anajua una darasa. Likizo ya Pasaka inakuja utaruhusiwa tena full time, na kuanzia Aprili 2026 kima cha chini ni pauni 12.71 kwa saa. Lakini nakuomba, hela ya Pasaka ikiingia usimwambie mtu.

Nyumbani.

Mimi nilikuja 1996, kulikua hakuna stetasi, tulikua tunadanganya kwa posta. Nilipiga picha nimeegemea gari la jirani, jekundu, nikaituma kwa mama na nyuma nikaandika "Mimi, London". Sikuandika gari langu, sikuandika sio langu. Kaka yangu akaomba ada kwa miaka minne kwa sababu ya lile gari. Picha bado iko sebuleni kwa marehemu mama, wajukuu wanaulizaga gari liko wapi. Kwa hiyo koti la mnara wa saa nalielewa vizuri sana na sikuhukumu, ila zifute hizo picha, au kama huwezi basi weka na ya soksi pea mbili.

Kisha mpigie mama, mpigie wewe, usingoje akupige alfajiri. Chagua saa ambayo ameshamaliza kuuza. Usimwambie "mama maisha magumu huku," hayo maneno kila mtu wa Ulaya anayasema na hakuna anayemwamini. Mwambie kwa vitumbua. Kodi ya chumba changu wiki moja mama ni kama laki tatu na themanini, kitumbua ukiuza shilingi 200 hiyo ni karibu vitumbua 1,900, kila wiki, chumba tu, bila kula. Mama yako ni mfanyabiashara, atanyamaza, atahesabu kichwani, na akimaliza kuhesabu hatakuuliza tena. Mwambie ile ya Desemba ilikua ya likizo, haijirudii. Na la usiku ule mwambie pia, si lazima leo, lakini mwambie. Ameuliza nani analia. Mwanamke aliyelea watoto hajui sauti ya TV na sauti ya mtu? Alikubali jibu lako kwa sababu hakutaka kukuaibisha, na toka siku hiyo halali na yeye.

Futari mtumie pauni 30, useme ni ya futari na ndo hiyo, mpaka Idi hakuna nyingine. Mama hawezi kukosa kitu kabisa mwezi kama huo baada ya majirani kuambiwa, heshima yake nayo ni kitu, mimi siamini kwenye huu ushauri wa kisasa wa kumkatia mzazi waya. Baada ya hapo mpangie kiasi kidogo, kisichobadilika, ambacho hata wiki ya masaa 12 hakitakuua. Kama ni sifuri mpaka Juni basi iwe sifuri inayojulikana.

Mjomba mpigie peke yake, na huyo umpigie kwa adabu zote kabla hajasikia kwa mama. Amkia, ulizia afya, ulizia shamba, ndo useme. Huyu mtu ameuza kiwanja, ana haki ya kujua ukweli kuliko wote, na simu sidhani kama anaitaka kiasi hicho, anataka dalili kwamba kiwanja hakijapotea. Mpe dalili. Mwambie nimepata 58 mjomba kwenye mtihani ambao 70 ndo daraja la kwanza. Muahidi matokeo ya Juni utamtumia wewe mwenyewe, karatasi nzima. Kaka wa bodaboda mwache, ana mikono. Grupu la harusi ingia uandike: "Ndugu zangu nawapenda, mimi bado mwanafunzi, ahadi yangu ni elfu hamsini nitaitoa mwezi wa tano." Shangazi yako atanuna wiki mbili. Atapona, wanaponaga.

Yule mzee wa Belgrave mheshimu sana, ila hapo kwenye kutuma kadi usimfuate kwa yote. Wale watu wa Kampala walipewa siku 90 na Amin mwaka 1972 wakaambiwa waondoke, halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la kule Uganda kuwaambia msije kwetu tumejaa, na wakaja, na leo mji mzima unakula sambusa zao. Walikaa miaka bila kutuma kadi kwa sababu hakukua na aliyebaki nyumba ile ya kutumiwa. Wewe mama yako yupo Ngamiani. Lakini kaa nae pale dukani ongea Kiswahili, Kiswahili cha ana kwa ana ni dawa, na muulize kuhusu kazi, mwenye duka anajua kila anayetafuta mtu wa Jumamosi. Iwe kwenye vitabu, na jina liwe lako.

Kwa hiyo leo sare na kadi mlangoni kwa mwenyewe. Kesho ofisi ya ushauri. Jumapili usiku ulale, Jumatatu saa tatu uwe darasani hata kama umekaa kiti cha nyuma. Alhamisi ukitoka kwenye kikao niandikie uniambie wamesemaje. Na bei ya huo unga kwa mzee ni pauni ngapi siku hizi? Wa kwangu hapa wananiibia.

Mama mdogo